Kuni za Reli Chumbani mwa Mzazi

Kwetu Kamina, katika mtaa ulio nyuma ya stesheni, kuna kuni ambazo hazipikiwi bukari, ugali wetu. Ni vipande vya traverse, yaani yale mataruma yanayolala chini ya reli. Sehemu kubwa ya njia yetu imelazwa juu ya traverse za chuma, lakini kwenye madaraja na pale njia zinapogawanyika zilitumika za mbao, na mbao hizo zilikuwa zimeloweshwa katika mafuta meusi mpaka yakaingia ndani kabisa, ili zisioze. Zikichakaa zinang'olewa na kuachwa kando ya njia. Anayezipata anazitunza. Mchwa wa kwetu wanaweza kula mlango ungali unafunguliwa na kufungwa kila siku, lakini traverse hawaigusi. Na ikishika moto inawaka hata kama imelala kwenye mvua.

Baba yangu alifanya kazi ya kutengeneza njia tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Nyuma ya nyumba yetu ana rundo la traverse, zimepangwa kwa kupishana kama matofali. Jikoni mama anatumia makala, yaani mkaa, kama watu wote. Traverse ni za jambo moja tu. Mwanamke wa nyumba yetu akijifungua, baba anachukua shoka, anapasua, na kuni zinapelekwa chumbani mwa mzazi. Katika familia yetu mzazi na mtoto wanakaa ndani, na moto wao hautakiwi kuzimika mpaka kitovu cha mtoto kikauke na kuanguka. Mama ndiye anayeulinda moto huo. Baba haingii chumbani siku hizo. Kuni zake ndizo zinazoingia. Mimi, dada yangu na kaka zetu waliohamia mbali, wote tuliota moto huo kabla hatujajua kufumbua macho vizuri.

Ninayasema haya kwanza kwa sababu nimeshaona jinsi mtu anayesoma anavyoweza kuharakisha kuwaita wazee wajinga. Kuni bora kuliko zote zilipelekwa kwa mtu aliye dhaifu kuliko wote. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Kasoro ilikuwa kwenye mafuta.

Mimi ndiye kitinda mimba. Sikumaliza sekondari. Ninayoyajua nimeyapata kwenye simu na katika vitabu vya parokia ambavyo hakuna mwingine anayeviazima, na Kiswahili hiki ninachoandikia nimekijifunza humo pia, kwa sababu nyumbani tunaongea kile cha kwetu kilichochanganyika na Kiluba na Kifaransa. Ninapata riziki kwa kuchapa barua za watu kwenye kibanda chenye kompyuta na printa, karibu na soko. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango ninarudi kuusukuma. Barua ya mteja ikiwa na kosa moja ninaichapa upya kwa karatasi yangu mwenyewe, hata kama mteja amesharidhika na anataka kwenda. Nikisoma juu ya ugonjwa asubuhi, jioni ninao. Nyumbani wanalijua hilo na wamelizoea, kama mtu anavyozoea redio ya jirani.

Dada yangu ameolewa na askari wa Base, ile kambi ya jeshi nje ya mji. Wakati wa mimba yake ya kwanza mume alikuwa ametumwa mbali kikazi, kwa hiyo dada alikuja kujifungulia kwetu. Alijifungua kwenye kituo cha afya, mtoto wa kike, bila shida, akarudi nyumbani kesho yake katikati ya masika. Baba alikuwa amepasua traverse tangu asubuhi. Mama akawasha moto katika pipa lililokatwa nusu, karibu na kitanda, akaziba dirisha kwa kipande cha pagne, kitenge cha zamani, ili upepo wa mvua usimpige mtoto.

Moshi wa traverse si kama moshi wa kuni nyingine. Ni mzito, unakaa chini kabla ya kupanda, na una harufu ya reli yenyewe wakati wa jua kali. Siku ya kwanza mtoto alipiga chafya. Siku iliyofuata macho yake yalikuwa mekundu na yenye maji. Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la nepi.

"Docteur," dada aliniita kutoka kitandani, "mutoto amepiga chafya. Muandikie dawa basi."

"Yaya, hii moshi haiko ya muzuri," nilimjibu, kwa neno letu la kumwita dada mkubwa.

"Moshi gani iko ya muzuri? Ya mushumaa ya ku kanisa?"

Mama alicheka. Nami nilicheka kidogo, kwa kuwa dada ana namna ya kuchekesha hata akiwa amechoka, na nikaenda kufua.

Kufua nepi ilikuwa kazi yangu, kama mdogo wa mzazi. Kwa sababu ya mvua zilikuwa zinakaushwa ndani, kwenye kamba juu ya moto. Nilianza kuona kwamba zikishakauka zinanuka traverse, na nikizilowesha tena kabla hazijatumika, maji yanafanya utando mwembamba juu wenye rangi rangi, kama maji ya barabarani pale lori lilipoegeshwa. Mtu mwingine angezianua tu. Mimi nilizifua mara ya pili, nikaanika, nikanusa, nikafua tena. Mama alinikuta nikinusa nepi safi, akatikisa kichwa, akapita.

Ndipo nikanunua mega za intaneti na kutafuta. Nilitafuta kwa Kifaransa, kwa maneno ya kijinga, kama mtu anayeuliza jirani: kuchoma mbao za reli ndani ya nyumba yenye mtoto. Nilisoma kibandani wakati hakukuwa na mteja. Mafuta yale yanaitwa kreozoti. Yanatengenezwa kutokana na makaa ya mawe. Mbao zilizoloweshwa humo hazifai kuchomwa nyumbani kabisa, wala kukatwa bila kujikinga, wala kuwekwa karibu na chakula. Moshi wake unaunguza macho na kifua. Hayo yote niliyasoma kwa utulivu wa ajabu; nitakiri kwamba nilikuwa na furaha ndogo, ile ya mtu aliyehisi jambo halafu akaambiwa amehisi sawasawa. Kisha nikateremka chini zaidi, kwenye habari za wafanyakazi wanaozibeba miaka na miaka, na kulikuwa na picha za mikono. Ngozi ngumu, nyeusi mahali pamoja na nyekundu mahali pengine, vinundu vidogo vinavyofanana na sugu lakini si sugu. Mikono hiyo nilikuwa naijua. Kila asubuhi ilikuwa inanipokea chai.

Nilizima simu. Mteja alikuja kuchapa barua ya kuomba kazi, na siku hiyo niliiacha na kosa.

Nilitaka uhakika. Nikisema jambo nisilolijua vizuri, sauti inanitetemeka na watu wanaona. Kwa hiyo nilichukua kibanzi cha traverse, nikakichoma katika mbabula, jiko dogo la mkaa, nyuma ya kibanda, nikakaa karibu na kuuvuta moshi kwa makusudi. Nilikohoa, macho yakawasha, na kifua kikabana mpaka jioni. Lakini ningekohoa hata kama ningechoma karatasi, kwa jinsi nilivyokaa nikingojea kukohoa. Jaribio langu halikuwa na maana yoyote, na nililijua hilo nikiwa bado nimekaa pale.

Nilianza na mama, jikoni, alipokuwa anasonga bukari ya mzazi.

"Mama, ile kuni iko na mafuta ya mubaya. Inamuumiza mutoto."

"Weye ulikunywa hii moshi mbele ya kunyonya ziwa," alisema bila kuacha kusonga. "Sasa unakosa nini? Miguu iko, meno iko, mudomo njo iko hata ya kupita kipimo."

"Siko nasema muzime moto. Niko nasema kuni tu."

"Kuni ni za papa yako. Uende umuambie weye mwenyewe." Akasimamisha mwiko. "Minyi nitamuambia nini? Kama kazi yake yote ilikuwa sumu?"

Mama hakuwa amesoma chochote kwenye simu, lakini alifika mara moja pale nilipokuwa naogopa kufika. Sikuweza kusema juu ya moshi bila kusema juu ya mikono. Baba angeuliza nimejuaje, na kila njia ya kueleza nilijuaje ilipita kwenye mikono yake. Nilianza kutunga maneno. Nilitunga sentensi, nikaifuta, nikatunga nyingine ya upole zaidi, kisha nikaona upole wenyewe ni uongo. Niliyafanya haya nikienda kazini na nikirudi, nikifua, nikiwa kanisani. Wakati huo huo mtoto alikuwa chumbani akivuta kile nilichokuwa natafutia maneno.

Asubuhi moja mtoto alikataa ziwa. Alilishika, akaliacha, akalia kwa sauti ndogo isiyofika mlangoni. Alikuwa anahema haraka, na kila akivuta pumzi ngozi ilizama chini ya mbavu zake. Dada hakuniita docteur. Alisema tu, "Kuya uangalie," na nilipoangalia alinitazama usoni badala ya kumtazama mtoto.

Tulimpeleka kituo cha afya, dada, mama na mimi, tukiwa tumemfunika kwa mwavuli na pagne mbili. Muuguzi alikuwa mwanamke wa umri wa dada, mpole, mwenye sauti ya kukwaruza. Alimfunua mtoto, akahesabu pumzi zake akitazama saa, akaweka sikio la mpira kifuani.

"Huyu mutoto analala wapi?"

"Mu chumba ya muzazi, na moto," mama alijibu.

"Moto ya nini?"

"Moto ya kuni."

"Ya traverse," nikasema.

Muuguzi aliinua kichwa. "Traverse ya reli? Ile ya papa mwenye kuwa nayo nyuma ya stesheni?"

"Ni papa yangu."

Akatabasamu, na halikuwa tabasamu la kutucheka. "Minyi niliota ile yake. Mama yangu alikuyaka kumulomba. Na minyi nilipozaa, akarudia tena kwake."

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nilikijua maisha yangu yote bila kukifikiria: kuni zile hazikuishia nyumbani kwetu. Mtaa mzima ulikuwa unakuja kuomba kipande, na baba hakumnyima mtu.

"Sasa mutoto wako alikohola?" niliuliza.

"Alikohola. Batoto ba mvua bote banakohola." Alimfunika mtoto vizuri. "Siwezi kukuambia njo moshi. Siwezi kukuambia haiko moshi. Hapa hatuna mashini ya kujua. Lakini mumutoshe mule ndani, mumulete penye hewa. Na kama kesho anakatala ziwa tena, murudie mbio, musingojee mvua ikatike."

Alitupa dawa ya maji na kutuonyesha namna ya kuipima. Nilimwomba arudie maelezo, kisha nikamwomba arudie tena. Alirudia. Ninamshukuru mpaka leo kwa hilo kuliko kwa dawa.

Tulipofika nyumbani moto ulikuwa bado unawaka. Dada alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakuingia.

"Muganga wa kituo amesema tumutoshe mu moshi," alisema.

"Tutafungua dirisha," mama akasema.

"Basi minyi nabeba mutoto wangu naenda ku Base. Kule ku camp hakuna moto, hakuna traverse."

"Na kitovu haiyaanguka?"

"Itaangukia kule."

"Muzazi apande pikipiki, mu mvua, kitovu ya mutoto ingali inaninginia," mama alisema polepole, kama anayejisomea barua yenye habari mbaya. "Bantu batasema papa yenu amefukuza muzazi."

Hakuna aliyepandisha sauti. Katika familia yetu mambo mabaya yanasemwa kwa sauti ya chini. Dada alikaa kwenye barza na mtoto, mvua ikidondoka kutoka kwenye mabati mbele yao, na akasema atangoja hapo mpaka mtu aamue. Alinitazama. Kutoka nyuma ya nyumba tulisikia shoka.

Nilienda nikiwa sina sentensi hata moja. Baba alikuwa chini ya kibanda cha mabati, ameweka traverse juu ya jiwe, anaipasua. Ndani mbao ilikuwa nyeusi na bado inang'aa, baada ya miaka yote hiyo.

"Mama," alisema aliponiona. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Unataka nini?"

"Papa, mutoto eko anahema mbio."

"Najua. Balishaniambia. Njo maana niko napasua ingine, apate joto ya kutosha."

Nilikuwa nimefikiria majibu mengi yake lakini si hilo.

"Papa, njo ile kuni."

"Kuni iko na nini?"

"Mafuta yake. Ikiungua, moshi inaingia mu kifua. Haifai kuichoma mu nyumba. Ata kuipasua vile unafanya, haifai."

"Nani anasema?"

"Bantu ba laboratwari. Nilisoma mu telefone."

Alisimamisha shoka chini, akaegemea mpini. "Bale bantu ba laboratwari, balisha kubeba traverse?"

"Hapana, papa. Baliangalia bale benye kubeba."

Mvua ilikuwa inapiga mabati na tulilazimika kusogeleana ili kusikiana. Nilijaribu kutazama mahali pengine, na kwa kuwa nilijaribu, nilitazama mikono yake. Aliona.

"Na baliona nini?"

"Papa, cha mbele ni mutoto."

"Nimekuuliza."

"Ngozi. Mu mikono."

Aliuachilia mpini, akaigeuza mikono yake, upande wa juu, upande wa viganja, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha mtu mwingine.

"Hii?"

"Inafanana. Sijui vizuri. Inafaa dokta aangalie."

"Sikukuuliza dokta. Nimesema: hii?"

"Ndiyo, papa."

Sikumbuki uso wake. Nimejaribu, kwa sababu ni jambo ambalo mwandishi anapaswa kulikumbuka, lakini nilikuwa natazama chini. Ninakumbuka aliuliza kama ngozi ya mtoto nayo imeanza, na nikasema hapana, kwa mtoto ni kifua. Akauliza kama kifua kinapona. Nikasema muuguzi ametoa dawa, lakini moshi lazima utoke. Akaliacha shoka pale chini, akazunguka nyumba. Nilimfuata.

Alisimama mbele ya mlango wa chumba ambao hakutakiwa kuuvuka.

"Mama ya batoto," alisema, "tosha ile moto."

"Haiwezi kuzima, unajua," mama alijibu kutoka ndani.

"Sijasema uzime. Nasema uhamishe."

Kisha akaenda kwa jirani na kurudi na mzigo wa kuni za porini, za kawaida, zile za kununuliwa kwa wanawake wanaotoka vijijini. Akazipanga ndani ya mbabula yetu ya jikoni, kwenye barza, karibu na mlango, mahali anaporuhusiwa kukaa. Mama alitoka na kipande cha traverse kinachowaka, akakigusisha kwenye kuni mpya mpaka zikashika, kisha yeye na mimi tukabeba pipa lote nje na kulimwagia maji uwanjani. Moto haukuwa umezimika hata mara moja. Ulikuwa umebadilisha kuni. Mama aliridhika na hilo, na ninadhani ndiye peke yake aliyekuwa ameona tangu mwanzo kwamba linawezekana. Alikuwa anangoja tu neno litoke kwa mwenye kuni.

Sitaki kulifanya jambo hili kuwa zuri kuliko lilivyokuwa. Kuni za porini zilikuwa mbichi. Mbabula ilipoingizwa chumbani ilijaza moshi mweupe mpaka mama akakohoa huku akicheka.

"Docteur, njo moshi ya muzuri hii?"

Ikabidi mbabula irudi kizingitini, pagne itolewe dirishani, na mvua ikaingia, na dada akalalamika kuhusu baridi, nami nikaanza kuogopa baridi kwa nguvu zile zile nilizoogopea moshi. Niliwaza kuleta makala, kisha nikakumbuka kuwa makala katika chumba kilichofungwa yanaua watu wakiwa usingizini, na nikashinda nikifungua dirisha kila lilipofungwa. Siku hizo nilikuwa mtu wa kuchosha sana. Dada alinifukuza mara kadhaa.

Mtoto alinyonya tena. Kitovu kilianguka chenyewe, mama akakizika mahali anapopajua yeye. Kikohozi kilibaki kwa muda, kikapungua, kikaondoka. Inawezekana ilikuwa dawa. Inawezekana ni mvua iliyopungua. Nimekaa na swali hilo muda mrefu, na jibu langu la kweli ni kwamba siwezi kuthibitisha kitu, na kwamba mtoto hakuhitaji nithibitishe ili atolewe kwenye moshi. Hilo la pili ningelijua mapema kama nisingekuwa natafuta kuwa sahihi.

Baba hakwenda kwa daktari. Tulimwambia, mama na mimi, kila mmoja kwa namna yake, naye alijibu kwamba atakwenda. Rundo lilibaki pale pale. Halichomeki, halizikiki, na hakuna anayejua mahali pa kulipeleka. Tuliacha kuchuma lengalenga, mchicha uliokuwa unaota kando yake, na mama akaung'oa.

Kisha, dada alipokuwa amesharudi Base na mtoto wake, alikuja jirani mmoja, mama mtu mzima anayeuza samaki wakavu wa Bukama. Baba alikuwa amekaa barzani. Mimi nilikuwa ninasafisha mchele.

"Papa, jambo," alisema. "Mutoto yangu mwanamuke ameanza kusikia tumbo ya kuzaa. Nimekuya kulomba ile kuni yako."

"Zimeisha," baba alisema.

Yule mama alinyoosha shingo kuelekea nyuma ya nyumba. Rundo linaonekana kutoka barabarani.

"Zimeisha? Na ile nini? Ngombe njo balilala?"

"Ile haitoke."

"Ah." Alingoja kidogo, labda akidhani ni utani unaoendelea. "Ya mutoto yako ilitoka. Ya wangu, haitoke. Sawa, papa. Kama unataka franga zilipwe, ungesema tu."

Katika mtaa wetu hakuna aliyewahi kumwambia baba maneno kama hayo. Yule mama aliaga kwa adabu kamili, ambayo ilikuwa mbaya zaidi ya matusi, akaondoka akikwepa madimbwi.

"Mama," baba aliniita. "Mufwate."

"Nimuambie nini?"

"Yenye uliniambia minyi."

"Yote?"

Alifikiri. "Yote. Usiache ya mikono."

Niliacha mchele, nikatoka na ndala zangu, zikanasa kwenye tope, nikazivua nikazishika mkononi. Nilimfikia karibu na bomba la maji. Aliendelea kutembea.

"Uache kunifwata. Nimesikia: haitoke."

"Mama, papa haiko anakunyima. Ile kuni inaunguza kifua ya batoto. Mutoto wa yaya aliugua."

"Tangu lini inaunguza?"

"Tangu zamani. Hatukujua."

"Minyi nilizalia batoto bangu bote ku ile kuni," alisema. "Karibu bote beko."

"Najua, mama."

"Na mumoja alikufa ya kikohozi. Unasema nini juu ya yule?"

Nilimwambia kwamba juu ya yule sijui na hakuna atakayejua. Nilimwambia juu ya mafuta, juu ya nepi, juu ya mikono ya baba. Nilisema ovyo, nikaanza katikati, nikarudi nyuma, nikatumia neno la Kifaransa ambalo halijui na nikashindwa kulieleza. Yeye alikuwa amesimama tayari. Alinisikiliza akitazama ndala mkononi mwangu.

"Ile kuni niliyobakia nayo wakati mukubwa wa mutoto wangu huyu alizaa," alisema mwishoni, "bado ninayo. Nilikuya kulomba ya kuongeza tu."

"Iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Mvua isiipate."

"Kitanda ya nani?"

Akaanza kutembea haraka, nami nyuma yake. Nyumbani kwake binti alikuwa amelala ubavuni, ameshika ukingo wa godoro, uchungu ukiwa ndio kwanza umeanza. Chumba kilikuwa kinanuka reli. Mama yake alimwambia asiogope, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta kipande cha kwanza. Nilishika upande wa pili. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia. Binti alituuliza kama moto wake utakuwa wa nini sasa, na mama yake akamjibu kwamba tutaona, kwanza hii itoke. Tulikitoa hadi uwanjani, mvua ikaanza kukinyeshea, upande mmoja kukiwa na kisima wanachonywea maji na upande mwingine bustani ya sombe, kisamvu wanachokula, nasi tukabaki tumekishika, kila mmoja akingoja mwenzake aseme tukiweke wapi.